Ndege ya Bure ya Bi Asumini

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui ni nani kati yenu aliyefikiri kwamba mtu aliyekaa miaka thelathini na moja akitazama saa za kuondoka ndege za watu anahitaji saa nyingine. Nimeitundika jikoni. Kisha mkaniambia, Bi Sharifa, tuandikie mambo ya kazi, sisi tumezikuta kompyuta tu. Haya, naandika. Mkitaka habari za vyeo, nani alipandishwa na nani alirukwa, kawaulizeni wenye vyeo. Mimi nitawaeleza habari za woga, kwa sababu kazi ya kukata tiketi, wanangu, ni kazi ya kuogopa kwa niaba ya watu wengine. Abiria anawaza atavaa nini. Wewe unawaza mvua, pasipoti iliyobakiza miezi mitatu, cheti cha chanjo kilichosahaulika kabatini, na ndege iliyoharibika Dar na hakuna anayepokea simu. Asiyejua kuogopa aende akauze vitenge.

Mimi nilianza nikiwa mwoga tayari. Siku ya kwanza niliingia ofisi yetu ya Chikongola, hapa Mtwara, na Bwana Namkuna, aliyekuwa mkuu wa ofisi, mtu mwembamba asiyecheka ovyo, akanipa kalamu na kitabu cha tiketi. Tiketi za wakati ule zilikuwa na karatasi nne zimepandana, na kila moja ina unga mwekundu mgongoni, ukiandika ya juu maandishi yanashuka mpaka ya mwisho. Ukibonyeza kidogo, ya chini inatoka tupu, na abiria akifika Dar anaambiwa hana safari. "Andika kama unachonga mlango," akaniambia Bwana Namkuna. Jioni nilirudi kwetu Mikindani vidole vyekundu, mama yangu akaniuliza kama wameniajiri buchani.

Huyo Bwana Namkuna ndiye aliyenifundisha kazi yote niijuayo, na hakunifundisha kwa upole. Ukimpelekea tiketi, aliisoma herufi moja moja kwa sauti, mbele ya abiria, kama anasoma hukumu. Akikuta kosa aliichana, akakurudishia vipande. Nilimchukia miezi sita. Mwezi wa saba nikaanza kusoma tiketi zangu mwenyewe kwa sauti kabla hajazishika, nikagundua sijachaniwa hata moja wiki nzima, na siku hiyo akaninunulia soda.

Kisha nikakosea kosa ambalo halikuwa la kalamu. Alikuja kijana mmoja wa Mtawanya aliyepata nafasi ya kusoma India. Nikamkatia tiketi ya bei nafuu isiyobadilishwa tarehe, nikaisoma herufi kwa herufi, safi kabisa. Siku ya safari mama yake akafariki alfajiri. Kumbe aliumwa tangu zamani. Kijana hakuondoka. Angeondokaje, mama yake kalazwa ndani hajazikwa? Tiketi ikafa, na nafasi ya chuo ikaenda kwa mwingine. Baadaye alifungua kibanda cha vocha ng'ambo ya barabara yetu, na kila asubuhi kwa miaka mingi alinipungia mkono kwa adabu. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi nilikuwa naomba anitukane.

"Hukumuuliza kama nyumbani kuna mgonjwa?" Bwana Namkuna akaniuliza.

"Sasa hilo nalo ni swali la ofisini?"

"Huku kwetu ndilo la kwanza. Mtu wa huku akifiwa hasafiri. Anazika, anakaa matanga, anasoma hitima, ndiyo anakumbuka kwamba alikuwa na safari. Kwa hiyo kabla hujauliza anakwenda wapi, uliza nani anaumwa. Kama yupo, usimuuzie tiketi isiyosogea, hata akikulilia kwamba ni rahisi."

Swali hilo nimeliuliza tangu siku ile. Nimewauliza mahujaji, wafanyabiashara wa korosho, wahandisi wa gesi waliofikiri nawachuria. Kompyuta zilipokuja, zikaja na maswali yao, jina, simu, chakula gani, kiti cha dirishani au cha njiani, na hilo langu halimo. Ninyi vijana mlikuwa mnanicheka. Basi nawaeleza siku niliyoliuliza sawasawa na bado nikaharibu.

Ilikuwa mwanzo wa masika, miaka michache kabla sijastaafu. Wakaingia ofisini Mwalimu Chande na mkewe, Bi Asumini, wote wa Mikindani. Mwalimu Chande alinifundisha hesabu darasa la tano, na mpaka leo nikimwona mikono yangu inakimbilia mgongoni yenyewe. Akaniwekea simu mezani.

"Sharifa, soma hapo. Kwa sauti."

Nikasoma kwa sauti, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Ulikuwa ujumbe wa binti yao, Rukia. Rukia anafanya kazi kwenye meli kubwa ya watalii, anatandika vitanda na kufua mashuka, mwaka wa kumi sasa. Kampuni imempa ofa kwa utumishi wake: wazazi wapande siku saba, wale, walale, wazungushwe visiwani, na ndege ya kwenda bandarini Durban iko ndani ya ofa hiyo. Ana siku tano za kujibu. Wakiikubali ndege ya kampuni, haya. Wakiikataa, chumba kinabaki chao, ila Rukia awanunulie tiketi ya ndege mwenyewe, na mimi ndiye nitakayeikata.

"Yaani bure," akasema Mwalimu. "Sasa mke wangu anasema tuje tukuulize. Bure nayo inaulizwa?"

"Mwalimu, neno bure ndilo linaloniogopesha kuliko yote."

Bi Asumini alikuwa amekaa upande wa dirisha, kichwa amekigeuza kidogo kama ndege anayesikiliza. Ndivyo alivyozoea kukaa ili anitazame kwa jicho la kulia. "Mdogo wangu," akasema, "mimi meli siitaki. Maji nimeyaona tangu nizaliwe. Nataka kumwona mwanangu. Presha ya macho imeshalimaliza hili la kushoto, na daktari kasema la kulia linafuata, hata mwaka hajanihakikishia. Rukia ana miaka tisa hajakanyaga Mtwara. Wakimpa mwezi wa kupumzika anaupeleka kwa watoto wake huko huko Durban, wako kwa baba yao, wanasoma. Simlaumu. Lakini nikimngoja aje yeye, nitampokea kwa kumpapasa."

Mwalimu akatazama ukutani. Mimi nikashika kalamu, maana nikiogopa huwa naandika. Kupitia kwa Rukia nikaiuliza kampuni mambo manne: ndege inaanzia wapi, inafika siku gani, ikichelewa nani anabeba mzigo, na tarehe inaweza kusogezwa? Wanangu, haya manne yakaririni. Ofa yoyote ya bure ichambueni kwa haya manne, na mtashangaa inavyopungua unene.

Majibu yakaja baada ya siku mbili, marefu kuliko hotuba ya Ijumaa. Ndege inaanzia Dar, siyo Mtwara. Mwalimu alikuwa ameshaota gari la kampuni likimfuata mpaka mlangoni kwake. Kutoka Mtwara mpaka Dar ni juu yao, na masika hayo barabara ya Dar ilikuwa imekatika mara moja tayari, mabasi yakalala njiani. Ndege inaondoka Alhamisi saa tisa alasiri, wanalala Johannesburg, Ijumaa wanafika Durban, Jumamosi jioni meli inang'oa nanga. Ndege ikichelewa, kampuni inawafikisha mpaka kwenye meli, hata kama ni bandari ya mbele. Na tarehe haisogei. Alhamisi ni Alhamisi. Usipotokea, ndege imekufa na chumba kimekufa.

Niliwaita ofisini nikawaeleza njia zote mbili polepole. "Tiketi ya kununua wenyewe ninaweza kuisogeza," nikasema. "Mkikwama Alhamisi, mnaondoka Ijumaa, Jumamosi asubuhi mko Durban, na meli mnaiwahi. Lakini ndege hiyo ikiharibika, au mzigo ukawachelewesha, kampuni haiwajui. Mtasimama bandarini mnaipungia mikono. Ya kampuni haisogei, lakini mkishaipanda tu, nyie ni mzigo wao."

"Wewe ungechagua ipi?" akauliza Bi Asumini.

Niliogopa zote mbili, huo ndio ukweli. Kichwani nilikuwa naona wazee wawili wamekwama uwanja wa ugenini, mmoja haoni vizuri, mwingine mkaidi, hawana pa kulala. Nikauliza lile swali langu: "Nyumbani kuna mgonjwa?"

"Hakuna," Mwalimu akadakia. "Wote wazima."

Bi Asumini akashika pindo la kanga yake, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena. Niliona. Miaka yote ile ya kukaa dirishani imenifundisha kusoma mikono ya watu, na ile mikono ilikuwa inanijibu. Lakini Mwalimu alikuwa ameshajibu, na nani alimkatiza Mwalimu Chande akabaki salama? Nikasema, "Basi chukueni ya kampuni." Rukia akajibu siku ile ile. Majina yakafungwa.

Siku mbili baadaye Bi Asumini akarudi peke yake, mvua inanyesha, viatu kavishika mkononi. Hakukaa.

"Yupo mgonjwa," akasema. "Dada yangu, Mwanahawa, yuko Mtawanya kwa wanawe. Tumbo. Hospitali wamemrudisha nyumbani, unajua maana yake."

"Sasa kwa nini, dada? Nilikuuliza!"

"Uliniuliza mbele ya Mwalimu. Mwalimu hajui. Anajua anaumwa umwa tu, utu uzima. Angejua ukweli angefuta safari palepale. Angesema watu watasema nini, Chande kamchukua mkewe kwenda kustarehe melini, shemeji yake anakata roho. Na Mwanahawa mwenyewe kanikataza nisiseme."

Hapo ndipo mnisikilize vizuri. Swali lile haliulizwi mbele ya mume. Wala mbele ya mke, kama mgonjwa ni wa upande wa mume. Muulize kila mmoja peke yake, mtume mwenzake akatoe nakala ya pasipoti, mtafutie kazi yoyote. Bwana Namkuna hakuniambia hilo. Labda aliona ni jambo la wazi, au labda alikuwa mwanamume na hakuwahi kuliwaza.

Nilimpigia Rukia, Rukia akaiomba kampuni. Haiwezekani. Nikaomba tena kwa maandishi, kwa Kiingereza changu chote nilichonacho. Jibu likaja mstari mmoja. Usiku sikupata usingizi, nikawa nahesabu: ningewashauri ile nyingine, wangekuwa na siku moja ya kusogeza. Siku moja inatosha kuzika.

Jumamosi Bi Mwanahawa akaniita. Nilikwenda na Bi Asumini mpaka Mtawanya, nyuma ya mikorosho, nyumba ya bati yenye kibaraza cha saruji. Nilimkuta kalazwa kwenye godoro sebuleni, kabaki mifupa na macho. Macho yenyewe yalikuwa makali.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye ndege?"

"Ndege si yangu, dada. Mimi naandika tu."

"Asumini, katutafutie maji ya kunywa. Ya mtungini, siyo hayo." Mdogo wake alipotoka akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Sikiliza. Huyu akipanda hiyo ndege nikiwa hai, Alhamdulillahi. Nikitangulia kabla, msimwambie mpaka meli imeondoka. Nimeshamwambia mwanangu Bakari. Atakupigia wewe kwanza."

"Kwa nini mimi? Dada, usinitwishe hilo, nakuomba. Waambie wanao."

"Wanangu watalia kwenye simu. Asumini atakupigia wewe, anavyokuamini, na wewe una sauti ya ofisi."

"Akija kunidai kwamba hakukuzika?"

"Mimi nikizikwa sitakuwa naangalia nani kaja nani hakuja. Yeye jicho lake lina muda. Akae hapa anitazame mimi nikiwa maiti, halafu mwanaye asimwone milele? Hapana. Huo utakuwa ujinga wangu." Akakohoa mpaka nikaogopa. "Sema ndiyo."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Bi Asumini akaingia na kikombe, na mimi nikaondoka hapo nikiwa nimebeba kitu ambacho hakuna mtu aliyeniuliza kama ninakiweza.

Jumatatu walipanda basi la alfajiri kwenda Dar, siku tatu kabla, kwa sababu ya ile barabara. Walifikia kwa mpwa wa Mwalimu, Mbagala. Siku zile tatu, kila simu ilipolia ofisini nilishtuka mpaka mkaniuliza kama nina malaria. Nikiona jina la Bakari nilidhani ndiyo habari yenyewe, kumbe anauliza tu kama mama mdogo kafika salama. Nikaomba mambo mabaya, Mungu anisamehe. Niliomba Bi Mwanahawa afike Alhamisi saa kumi, baada ya hapo achukuliwe, kana kwamba napanga ratiba ya ndege. Astaghfirullah.

Alhamisi nilipomaliza kuswali alfajiri, simu ikalia. Bakari hakulia. Alisema, "Mama katutoka. Tunazika alasiri." Akakata.

Nilifungua ofisi saa moja, kabla yenu nyote. Nikawasha kompyuta nikafanya jambo ambalo sikupaswa kulifanya: nikaangalia ndege ya Dar kuja Mtwara. Ilikuwepo ya saa tano asubuhi. Viti vinne vitupu. Nilivitazama vile viti nikaanza kuhesabu. Akiambiwa sasa hivi, anakwenda uwanjani, saa sita yuko Mtwara, anamwosha dada yake kwa mikono yake, anakaa na wenzake. Na ya saa tisa inaondoka bila wao, na chumba kinakufa, na Rukia anatandika vitanda vya watu wengine mwaka mwingine, na lile jicho linazimika. Nikaweka mkono kwenye simu, nikautoa. Nikauweka tena. Nawaambia ukweli, nilikuwa nasubiri mtu mwingine aamue. Barabara ikatike, mtandao ukatike, chochote.

Saa tatu akapiga yeye.

"Mdogo wangu, tunamaliza chai hapa, ndiyo tunajiandaa kwenda uwanjani. Bakari hapokei simu yangu. Mwanahawa kaamkaje?"

Kwenye kompyuta viti bado vinne.

"Kaamka vizuri, dada," nikasema. "Hawajambo wote. Nendeni salama."

Ilikuwa sauti ya ofisi kweli. Ile ile ninayowaambia nayo abiria kwamba ndege imechelewa kidogo tu. Akasema, "Haya, mdogo wangu," akakata.

Alasiri nilikwenda Mtawanya. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki tumekaa mkekani. Kila aliyeingia aliuliza, "Mdogo wake yuko wapi? Asumini yuko wapi?" Wenye msiba walijibu yuko safarini, na watu wakatazamana. Mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Siku hizi watu wana safari." Nilikuwa nasubiri mtu anigeukie aseme, huyu hapa ndiye. Hakuna aliyesema, hawakujua, na ndivyo nilivyozidi kuogopa.

Jumamosi jioni Rukia alinitumia ujumbe: wamepanda. Bakari akasubiri mpaka Jumapili, akampigia Mwalimu. Mwalimu akamficha mkewe. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba siku zinakwisha na yule mama anarudi, na atapita kwangu. Nilifikiria kuomba likizo. Nilifikiria, msicheke, kuhamia kwa mwanangu Masasi.

Akaja Jumatano moja, saa nne, kavaa nguo nyeusi, kashikwa mkono na Mwalimu. Akamwambia Mwalimu amsubiri nje. Akakaa kwenye kiti kile kile cha dirishani, lakini safari hii hakugeuza kichwa. Akanielekea hivi hivi.

"Pole na msiba, dada," nikasema.

"Nimeshapoa. Nataka kukuuliza jambo moja, na nataka uniambie kweli. Siku ile nilipokupigia, kulikuwa na ndege ya kuja Mtwara?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna ambaye angejua.

"Ilikuwepo. Ya saa tano."

"Na nafasi ilikuwepo?"

"Viti vinne."

Mmoja wenu alikuwa anachapa kwenye kompyuta ya pili, nikamwonyesha kwa mkono aache.

"Nilijua," akasema. "Tangu nikujue, ukiulizwa hali ya mtu unaanza na Alhamdulillahi. Siku ile hukuanza nayo. Nilishusha simu nikamtazama Mwalimu anakunywa chai yake, na mimi najua dada yangu kafa. Nikasema, Chande, maliza tuondoke. Sikumwambia. Njia nzima nilikaa na mimi mwenyewe. Melini nilikuwa nafungulia maji ya bafuni nalia humo. Jumapili Mwalimu akaambiwa, naye akaanza kunificha, masikini, anazunguka chumba hawezi hata kula. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa hajui kunificha kitu. Nikamwacha anifiche mpaka tumerudi Dar."

Mimi nilikuwa nalia kitambo. Nikamwuliza, "Rukia ulimwona?"

"Nilimwona. Alikuwa anamaliza kazi anakuja chumbani kwetu, anakaa chini ya taa, nimemwambia akae hapo. Nilimtazama siku saba. Ana mvi, Sharifa. Hapa na hapa." Akajigusa mbele ya masikio. "Nilimwacha msichana. Nimemkuta na mvi kama mimi."

Kisha akasimama, akatafuta ukingo wa meza kwa vidole.

"Dada, unisamehe," nikasema.

"Ningekuwa nimeambiwa, ningerudi. Ningerudi, nisingemwona Rukia. Ninayajua yote mawili na hayakai pamoja kifuani kwangu. Siwezi kusema nimekusamehe, kwa sababu sijui. Siku nikijua nitakuja hapa hapa nikuambie."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Nilifanya kazi miaka mitatu zaidi baada ya siku ile, na kila kivuli kilipopita dirishani niliinua macho nikiwa na roho mkononi. Niliogopa asije, na niliogopa aje. Hajaja. Nasikia sasa haoni kabisa, hata jua akisimama juani analijua kwa joto tu. Kwa hiyo, wanangu, akiingia mama mzee ameshikwa mkono na mtu, akamuulizia Sharifa, msimwambie kwamba nimestaafu akageuza akarudi zake. Mkalisheni. Mpeni maji. Mmoja wenu afunge dirisha lake, amlete mpaka kwangu, saa yoyote ile, hata kama kuna foleni.